Yai Mdomoni mwa Nyati

Hapo zamani za kale, siku ambazo wanyama walikuwa na nyumba, mafiga na vigoda vya kukalia wageni, aliishi Nguchiro. Msimcheke, sijaanza bado. Mwili wake ulikuwa mfupi, mkia mrefu, na akili yake ilikuwa inafika mahali kabla miguu haijafika.

Nguchiro alikuwa katibu wa jumuiya ya bondeni. Kila Jumamosi saa tisa alasiri, wanyama waumini walikusanyika nyumbani kwa mmoja wao, wakatandika mikeka, wakaimba, wakasoma Neno na kuombeana. Mwenyekiti wao alikuwa Nyati, mzee wa kanisa, ambaye akisema "tuombe" vikombe vinagongana kabatini. Msaidizi wake alikuwa Kifaru. Macho ya Kifaru hayakuona mbali, ila hilo halikumzuia kulikimbilia jambo.

Mwaka huo mvua iligoma. Mto ulikauka mpaka mchanga ukapasuka. Kilibaki kisima kimoja tu, nyuma ya kanisa, walichokichimba wote kwa pamoja, na kila nyumba ilipewa ndoo moja asubuhi. Wakimaliza kuchota, Nyati anakifunika kwa jiwe. Atakayeiba maji, sheria ilisema, anatengwa. Kutengwa maana yake husalimiwi, huketi mkekani, na huchoti. Sasa hebu niambieni nyie, kiangazi kile, nyumba isiyochota maji ingeishi siku ngapi? Haya, mmeshaelewa.

Jumamosi moja jumuiya ilikuwa kwa Kifaru. Wakaimba, wakaomba, wakasema amina. Kabla watu hawajainuka, Nyati akaweka kitu katikati ya mkeka. Tik. Kilikuwa kirefu, chembamba, cheusi na cheupe.

"Nimekikuta kwenye ndoo yangu asubuhi ya leo," Nyati akasema. "Kimetoka kisimani. Kuna asiyekijua?"

Wote walikijua. Ulikuwa mwiba wa Nungunungu.

"Wiki ya tatu hii maji yanashuka na jiwe liko palepale," Nyati akaendelea. "Wiki ya tatu hii Nungunungu haji jumuiya, anatuma salamu kwamba mkewe ana homa. Sasa tunajua homa yenyewe ni ipi. Twende tukamtoe. Kesho asimamishwe mbele ya kanisa zima, atengwe, yeye na nyumba yake."

"Akikataa kutoka?" mtu akauliza.

"Nitaingia mimi," Kifaru akasema, akapangusa pembe yake kwa kitambaa.

Nungunungu alikuwa jirani wa Nguchiro, mtu wa maneno machache, mkali ukimsogelea vibaya. Ukimjia kwa kishindo anakugeuzia mgongo, miiba inasimama, shwaaa, na akishafika hapo hasikii la mtu. Kifaru naye akishainamisha pembe hasikii la mtu. Wakikutana hao wawili mlangoni, mmoja atazikwa, na kila mtu alijua ni yupi.

"Mzee," Nguchiro akasema, "kuna aliyekwenda kuongea naye kwanza? Mmoja tu, kwa utaratibu?"

"Kuongea nini? Mwiba umeshaongea."

"Hata Fisi tulisema hivyohivyo, Mzee."

Mwaka uliopita Fisi alikula maharage ya sikukuu ya mavuno. Walimsimamisha mbele ya kanisa, Nyati akamsomea kosa lake kwa ile sauti yake, na Fisi akacheka, kwi kwi kwi. Wakasema anadharau, wakamtenga palepale. Baadaye sana ndipo mkewe alipowaambia kwamba Fisi akiona aibu hucheka, ndivyo alivyoumbwa. Lakini Fisi alikuwa ameshapanda vilima vya kaskazini, na hakurudi tena.

"Katibu," Nyati akasema, "usinichanganyie mambo. Kifaru, inuka."

Nguchiro akafikiri haraka. Kubishana na Nyati hakufai, na kumzuia Kifaru ndiyo kabisa. Akakohoa kidogo.

"Sawa, Mzee. Ila mnakwenda kwa kazi ya kanisa, na koti lako jeusi liko nyumbani."

Nyati akajitazama. Koti lile alilipenda, na mnajua wenyewe watu wa namna hiyo. "Kweli," akasema. "Kifaru, tupitie kwangu kwanza. Tukutane njia panda."

Nguchiro hakungoja. Alitoka mbio mpaka kwenye nyasi ndefu alikokaa Mama Kanga, akiwa ameatamia.

"Bwana Yesu asifiwe, Mama Kanga. Nahitaji mayai."

Mama Kanga akatandaza mbawa zake polepole, akafunika kiota chote. "Rudia ulilosema."

Hapa lazima niwaambie siri, na siri hii bonde zima waliijua wawili tu. Miaka mitano nyuma, Nguchiro alikula mayai ya Mama Kanga. Asubuhi yake Mama Kanga alikuja mlangoni kwake, peke yake, akaketi chini. Hakupiga kelele wala hakuita majirani. Alisema, "Baba, yalikuwa manne. Nilikuwa nimeshayapa majina." Kisha akayataja yale majina, moja moja. Nguchiro alilia siku mbili. Tangu siku hiyo hajaonja yai, na tangu siku hiyo Mama Kanga hajamwambia mtu.

"Sitaki hayo uliyoyaatamia," Nguchiro akasema, macho chini. "Nataka viza. Yale yaliyoharibika, yasiyo na kifaranga ndani."

"Ninayo matatu, nilikuwa niyatupe. Ya kazi gani?"

Nguchiro akamweleza: mwiba, Nyati, Kifaru, na alilokuwa amelikusudia. Mama Kanga akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo utawadanganya wazee."

"Nitawadanganya."

"Ni dhambi hiyo, baba."

"Najua, mama. Sijapata njia nyingine, na Kifaru ameshavaa viatu."

Mama Kanga akatazama pembeni. "Mimi sikubariki," akasema. "Ila kikapu kiko pale nyuma yako, na ukiyavunja njiani usirudi hapa na harufu hiyo."

Njia panda Nguchiro aliwahi kwa kupumua mara mbili tu. Mara akasikia ardhi, gubu, gubu, gubu. Nyati huyo anakuja na koti lake jeusi, Kifaru nyuma yake, vumbi juu yao. Nguchiro akajibwaga katikati ya njia.

"Wazee, nisaidieni. Siafu wamevamia kiota cha Mama Kanga."

"Siafu?" Nyati akasimama. Mama Kanga alikuwa anaheshimiwa bonde lote.

"Mayai haya matatu kikapuni ndiyo yanayokaribia kuanguliwa. Yakipoa kidogo tu, vifaranga wanakufa ndani. Yanatakiwa kupelekwa kwenye shimo refu lenye joto, na shimo la hivyo ni moja tu bondeni hapa."

"Lipi hilo?"

"La Nungunungu."

Nyati akavuta pumzi kwa nguvu. "Yule mwizi?"

"Mzee, mimi sisemi habari za mwizi, nasema habari za vifaranga. Si mnakwenda hukohuko?"

Kifaru akakisogelea kikapu, akatazama kwa karibu sana, maana ndivyo anavyotazama. "Si uyabebe wewe na kikapu chako?"

"Kikapuni yatapoa. Yanataka joto la mdomo."

"Basi yaweke mdomoni mwako."

"Mzee Kifaru," Nguchiro akasema kwa unyenyekevu, "katika maisha yako umewahi kuona mama yeyote anamkabidhi nguchiro yai?"

Kifaru akafikiri. Hakuwahi.

"Nyie ndio wenye midomo mikubwa, yenye joto, tena yenye heshima. Yai moja moja. Lakini sikilizeni masharti, wazee wangu. Msikimbie, litagonga meno. Msiongee, litadondoka. Na msikasirike, kwa sababu mtu akikasirika meno hubana yenyewe, na hapo tutakuwa tumeua mtoto wa mtu."

Wakatazamana. Wakubwa hao, nawaambieni, walikuwa wameshawatupa wenzao juu ya ua, lakini yai dogo lile liliwatia hofu. Nyati akafungua kinywa. Nguchiro akaliweka yai juu ya ulimi wake, taratibu. Kifaru naye vilevile. La tatu akalibakiza kikapuni, amelifunika kwa majani.

Safari ikaanza, na miguu iliyokuwa ikipiga gubu gubu sasa haikusikika kabisa. Nyati alipofika kwenye mawe alitafuta pa kukanyaga. Matawi aliyozoea kuyavunja akayapita kwa kuinama. Nguchiro alitangulia mbele na jasho likimtoka, maana alijua kilichomo katika mayai yale. Likivunjika moja, mchezo umekwisha, na Nungunungu amekwisha.

Nusu ya njia Kifaru akasimama ghafla. Vumbi lilikuwa limemwingia puani. Pua yake ikaanza kupanda. Ikapanda, ikapanda.

"Mzee," Nguchiro akanong'ona, "mfikirie kifaranga."

Machozi yakamtoka Kifaru. Mwili mzima ukamtetemeka. Chafya ikafika mpaka mlangoni, ikageuka, ikarudi ilikotoka. Nyati akampa pole kwa macho.

Walipokaribia, Nyati akamgusa Nguchiro kwa pua na kuguna. Macho yake yalikuwa yamelainika. Kwa ishara za kichwa alikuwa anajaribu kusema kwamba kifaranga amesogea. Nguchiro alijua hakuna kifaranga, na kwa mara ya kwanza siku ile aliona haya kweli.

Nyumba ya Nungunungu ilikuwa imezibwa kwa matawi ya mgunga. Ndani alikuwa amewapanga mkewe na watoto wawili ukutani, yeye akageuza mgongo mlangoni, miiba yote imesimama. Alikuwa amekwisha kusikia habari za ule mwiba, maana bondeni habari hutangulia miguu. Alingoja kishindo, alingoja ile sauti, amekusudia kwamba yeyote atakayeingia wa kwanza hatatoka na macho yake.

Kishindo hakikuja. Ilikuja sauti ya Nguchiro.

"Hodi, jirani. Ni mimi na wazee wawili."

"Waingie," Nungunungu akasema. Shwaaa. "Waingie waone."

"Hawataki kuingia. Wamelala chini hapa nje."

"Wamelala?"

Hilo halikuwa uongo. Ili mayai yasianguke kutoka juu, Nyati na Kifaru walikuwa wamekunja miguu, wakashusha videvu mpaka kwenye vumbi. Nungunungu akangoja. Akahesabu pumzi zake. Mwishowe akageuka, akachungulia kati ya matawi.

Aliona mzee wa kanisa amelala kifudifudi mbele ya mlango wake, koti jeusi limejaa vumbi, mdomo umefungwa. Pembeni yake aliona Kifaru, machozi yanamchuruzika mashavuni kwa sababu ya ile chafya. Hawakuwa wanasema neno. Walikuwa wanamtazama tu.

"Mbona hawanitukani?" Nungunungu akauliza.

"Waulize wenyewe."

"Mzee Nyati. Umekuja kunitenga?"

"Mmm," Nyati akasema. Alitaka kusema ndiyo, lakini kwa mdomo ule ilitoka laini, kama mama anayembembeleza mtoto.

Miiba ya Nungunungu ikaanza kulala. Ikalala ya mabegani, ikalala ya kiunoni. Akayasukuma matawi, akatoka nje, akaketi.

"Nimechimba," akasema. "Nimetoboa kutoka shambani kwangu mpaka kwenye ubavu wa kisima. Mke wangu alikuwa na homa kweli, Mzee, ndoo moja haikutosha. Niliogopa kuomba."

"Mmm," akasema Nyati.

"Hapana, subiri, sijasema yote." Akanyoosha mkono upande wa shamba lake. "Mke wangu alipona wiki mbili zilizopita. Nikaendelea. Nikawa nanyweshea maboga. Maboga yangu yamestawi na watoto wa wenzangu wana kiu. Kila jioni nasema kesho nitaziba, na kesho nanyweshea tena."

Nyati alikuwa na hotuba. Alikuwa ameitunga njia nzima kabla ya njia panda, yenye maneno kama mwizi, msaliti na chui ndani ya zizi. Yote yalikuwa nyuma ya lile yai, na yai halikuyaruhusu kupita. Akabaki anasikiliza. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kumsikiliza mtu mpaka mwisho.

"Udongo umeanza kumomonyoka," Nungunungu akasema. "Tundu limepanuka. Lisipozibwa leo, ubavu wa kisima utaanguka na maji yote yatapotelea chini. Ninayejua lilipo ni mimi tu. Nitawaonyesha. Kisha nitengeni mimi, ila watoto wangu waacheni wachote."

Mnasikia? Kama Kifaru angeingia na pembe yake, tundu lile lingebaki bila wa kulionyesha, na bonde zima wangekuwa wanalamba mawe.

Nyati akatikisa kichwa polepole, kushoto na kulia. Akalitema yai juu ya nyasi kavu mlangoni. Akanyoosha ulimi. Wote wakangoja ile sauti.

"Tutaziba wote," akasema, na sauti ilikuwa ndogo, hata yeye mwenyewe akashangaa. "Kesho utawaambia watu mwenyewe. Mimi nitasimama karibu nawe, wasikurukie. Maboga utayagawa. Na mama akiugua tena, njoo unigongee."

Nungunungu akafunika uso akalia, na mkewe akatoka akamshika mkono.

Hapo mambo yangekwisha vizuri sana. Lakini Kifaru naye alikuwa ameshalitema yai lake akainuka, na ile chafya haikuwa imesahau. Ikarudi. Haaachuuu! Mguu ukateleza, ukatua juu ya yai. Paa.

Harufu iliyotoka hapo siwezi kuwaelezea. Watoto wa Nungunungu wakakimbilia ndani. Kifaru akashika pua. Nyati akalitazama lile ganda, hakuna kifaranga, maji ya kijani tu. Akalitazama yai lake. Kisha akageuza kichwa kumtafuta katibu.

Katibu hakuwepo. Aliona nyasi zinatikisika kwa mbali.

Nguchiro alijichimbia ndani ya kichuguu chake, mpaka chumba cha mwisho. Usingizi haukuja. Jumapili asubuhi alisikia nyimbo kutoka kanisani, akasikia kimya kirefu, kisha akasikia nyimbo tena, kwa nguvu zaidi. Alijua Nungunungu amesema na amepokewa. Alifurahi na kuogopa kwa pamoja. Nani alimwona Nyati amelala vumbini na yai bovu mdomoni? Yeye. Nani alimlaza? Yeye. Kichuguu chake kilikuwa cha udongo, na pembe moja tu ingetosha kukibomoa.

Mchana akasikia hatua. Alitega sikio apate kusikia gubu gubu. Hazikupiga hivyo. Zilikuja taratibu, zikichagua pa kukanyaga, zikasimama mlangoni. Nguchiro akashindwa kuvumilia, akapanda juu, akachungulia.

Nyati alikuwa amelala kifudifudi mbele ya kichuguu, bila koti, mdomo umefungwa.

Akaufungua, akalitema yai polepole. Lilikuwa lilelile la jana, viza, halijavunjika.

"Katibu," akasema.

"Naam, Mzee."

"Umetudanganya."

"Nimewadanganya, Mzee."

"Nilidhani nimemsikia kifaranga akigonga. Nilimwombea njia nzima." Nyati akalisukuma yai kidogo kwa pua. "Hilo limeniuma. Nimekuja peke yangu kukuambia, sijamwambia mtu mwingine."

Nguchiro akatoka nje kabisa, mkia chini. Angeweza kukimbia. Hakukimbia. "Nisamehe, Mzee. Nina jingine pia. Zamani nilikula mayai ya Mama Kanga, manne. Alinijia hivihivi ulivyonijia. Nilikuwa sijui njia nyingine ya kukufundisha alichonifanyia, nikakutegea mtego badala ya kukuambia."

"Ungeniambia ningesikia?"

Nguchiro akatafuta jibu la adabu, akalikosa. "Hapana, Mzee."

Nyati akaguna. Kilikuwa kicheko, ila cha mtu aliyeumia. "Nimekusamehe," akasema. Kisha akageuza macho upande wa kaskazini, kwenye vilima vikavu, akatazama huko mpaka Nguchiro akaanza kuwa na wasiwasi upya.

"Fisi," Nyati akauliza, "alipita njia ipi?"

"Ile ya mawe meupe, Mzee. Mwendo wa siku mbili."

Nyati akaliokota lile yai bovu kwa ulimi, taratibu, akafunga mdomo, akainuka. Akaondoka kuelekea vilimani, hatua moja moja, na Nguchiro akamfuata nyuma akimtolea mawe njiani.

Mimi nimemalizia hapo, kilichobaki nendeni nacho nyumbani: ukienda kumrudisha ndugu aliyekosea, nenda kama mwenye yai mdomoni.